Ufundi wa Kikombe Kidogo cha Milano

Hakuna mji ulioichonga kahawa ya espreso zaidi ya Milano. Torino ilitangulia, kwa kuwa Angelo Moriondo alipata hataza ya mashine yake ya mvuke huko mwaka 1884, lakini mashine ile ilipika kahawa nyingi kwa mkupuo. Luigi Bezzera, mtu wa Milano, ndiye aliyebuni mwaka 1901 mashine ya kumtolea kila mteja kikombe chake mwenyewe. Desiderio Pavoni akanunua haki za mashine hiyo, akaanza kuziunda mashine, na katika maonyesho ya kimataifa ya Milano ya mwaka 1906 umma ukazishuhudia zikifanya kazi. Kahawa ya mashine hizo ilitoka upesi, ila ilikuwa na ladha ya kuungua, kwa sababu mvuke ulikuwa mkali mno na shinikizo lilikuwa dogo.

Aliyeponya dosari hiyo alikuwa mwenye baa, Achille Gaggia. Baada ya Vita Kuu ya Pili alitengeneza mashine ya wenzo na springi, iliyoyasukuma maji ya moto kwenye unga wa kahawa kwa shinikizo kubwa, bila mvuke kuugusa unga wenyewe. Juu ya kikombe likatokea povu la rangi ya hudhurungi ambalo halikuwahi kuonekana. Wateja walilitilia shaka. Gaggia akaliita krimu ya kahawa, na leo kikombe kisicho nalo hurudishwa kaunta. Mwaka 1961 kampuni ya Faema, nayo ya Milano, ikatoa mashine ya E61 yenye pampu ya umeme, na mkono wa mwandaaji ukaachana na kazi ya kuvuta wenzo.

Ingetarajiwa kwamba kila mashine mpya ingempunguzia fundi umuhimu, lakini ujuzi ulihama tu mahali pake. Hesabu za kikombe ni chache: takriban gramu 7 za unga, maji ya nyuzijoto 90 hivi, shinikizo mara 9 ya lile la hewa, sekunde 25, na mililita 25 hadi 30 za kahawa. Ugumu ni kwamba unga haukai katika hali moja. Siku ya mvua hunyonya unyevu na maji hupita kwa shida. Siku kavu hupita mbio. Ndiyo maana mwandaaji makini huirekebisha mashine ya kusagia mara kadhaa kwa siku, na kipimo chake ni jicho: kahawa itoke nyeusi, igeuke hudhurungi, na ikatwe kabla haijapauka. Akichelewa kidogo tu, uchungu mbaya unaingia. Maziwa ya kapuchino huyatambua kwa sikio, kwa mlio unaobadilika ndani ya jagi kadiri yanavyopata moto. Na wakati huohuo anashika kichwani oda za watu waliosongamana mbele yake, huyu akitaka nzito, yule akitaka yenye tone la maziwa, mwingine yenye pombe kidogo; wengi hutanguliza kisahani na kijiko mbele ya kila mteja kama kumbukumbu.

Punje zenyewe zina safari ndefu. Michanganyiko mingi ya Italia huitia arabika robusta, kwa kuwa robusta hulipa povu unene, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda. (Wahaya wa Kagera, wanaotafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, hawakungoja mashine yoyote ili waionje robusta.)

Kwa anayetaka kuuona ufundi huu, Cova, iliyoanzishwa mwaka 1817 karibu na jumba la opera la La Scala, sasa iko Via Montenapoleone kati ya maduka ya mavazi ghali. Marchesi ni ya mwaka 1824, na vitafunwa vyake vya asubuhi vinatosha kuwa sababu ya kwenda. Bar Jamaica, mtaa wa Brera, iliwakusanya wachoraji kama Piero Manzoni, na jumba la picha la Brera liko hatua chache tu. Bar Luce ndani ya Fondazione Prada, iliyobuniwa na mwongozaji filamu Wes Anderson mwaka 2015, inapendeza macho kuliko ulimi. Baa isiyo na jina kubwa, yenye wafanyakazi wanaokunywa wima na kuondoka, hufunza zaidi. Kunywa wima kaunta huwa nafuu, mezani bei hupanda. Wanaopenda vyuma wana makumbusho ya MUMAC huko Binasco, nje kidogo ya mji, yenye mashine za vizazi vyote.

Jioni kaunta hubadili kazi. Camparino, iliyofunguliwa mwaka 1915 kwenye lango la jumba la maduka la Galleria linaloutazama uwanja wa kanisa kuu, iliwekewa mfumo wa kupandisha maji baridi ya soda kutoka ghala la chini, ili kileo cha Campari kipate mapovu yake papo hapo. Bar Basso ndiko kulikozaliwa kokteli ya Negroni Sbagliato mwaka 1972, mvinyo wa mapovu ukichukua nafasi ya jini. Kahawa hurudi baada ya chakula cha usiku, na safari hii haitiwi maziwa.