Maji, Jua na Magadi: Haidrojeni Imetoka Same!

Jamani, nimeyaona maji yakipasuliwa mchana kweupe, hapa hapa Same mjini! Vifaa vyote vinapatikana dukani na sokoni: sola ndogo ya volti 12, nyaya mbili, penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, beseni la maji ya bomba, na kijiko cha magadi, yale yale tunayotilia makande.

Koroga magadi majini, funga nyaya kutoka kwenye sola hadi kwenye penseli, zitumbukize penseli, igeuze sola kwenye jua. Papo hapo mapovu! Upande wa hasi ni fujo tupu: vipovu vidogo mno vinapanda mfululizo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ndiyo haidrojeni. Upande wa chanya vinatoka vichache, vinang'ang'ania penseli, kisha vinaachia. Hiyo ni oksijeni.

Sasa ingiza kila ncha kwenye mdomo wa kichupa kilichojaa maji na kupinduliwa, uache gesi ijikusanye, halafu uchukue rula. Haidrojeni ni karibu mara mbili ya oksijeni! Ile H2O tuliyoikariri darasani unaipima kwa sentimita! Sogeza njiti inayowaka kwenye haidrojeni: pu! Tia kijiti chenye kaa jekundu kwenye oksijeni: kinawaka upya!

Magadi yanasaidia umeme upite, kwani maji matupu huupitisha kwa shida. Chumvi ya mezani usitie kabisa. Hutoa klorini, gesi ya sumu. Na fanyia nje, penye hewa.

Wanasayansi Nicholson na Carlisle walifanya jambo hili London mwaka 1800, betri ya Volta ikiwa ndiyo kwanza imejulikana. Na leo, huko Naivasha, Kenya, shambani kwa kampuni ya Kenya Nut, umeme wa jua unapasua maji, haidrojeni inaunganishwa na naitrojeni ya hewani, inapatikana amonia ya mbolea. Mbolea kutoka kwenye maji, hewa na jua! Wapare tuna ndiva, mabwawa yetu ya jadi ya umwagiliaji, milimani, tuna tangawizi ya Mamba Miamba inayohitaji kurutubishwa, na jua la tambarare hii halijawahi kutupungukia. Tunakosa nini?

Kwa bei, kwa urahisi, kwa msisimko, sijaona jaribio la kulishinda hili. Walimu wa kemia, kuanzia Hedaru hadi Gonja, msingoje maabara ikamilike. Wapeni wanafunzi penseli na magadi, wiki hii hii!