Mzizi, Ruti au Mamlaka? Uhakiki wa Lugha ya Mafundi Simu

Mwenye simu akifika kwa fundi mjini Masasi, au akipanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala, akasema, "Fundi, naomba unifungulie simu hii," atakuwa amesema Kiswahili kisicho na kosa lolote la sarufi, na hata hivyo atakuwa hajasema kitu. Ombi lake laweza kuwa la kuondoa kifungo cha kampuni ya simu ili laini ya mtandao mwingine ikubalike. Laweza kuwa la kuondoa neno la siri lililosahauliwa. Laweza kuwa la kuiondolea simu ya mkopo kile kifungo ambacho mdai hukikaza mkopaji anapochelewa kulipa. Laweza kuwa la kufungua butiloda, yaani programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kuamua ni mfumo upi uruhusiwe kufanya kazi. Na laweza kuwa la lile jambo tunalokusudia kulijadili katika makala haya, ambalo mafundi huliita kuruti.

Mambo matano, kitenzi kimoja. Tena mambo hayo hayalingani hata kidogo mbele ya sheria wala mbele ya mfuko wa mwenye simu. La kwanza ni haki ya mtu kwa kitu chake. La pili hutegemea simu ni ya nani, kwani mwizi naye husahau neno la siri ambalo hakupata kulijua. La tatu ni kuvunja mkataba. La nne hufuta kila kilichohifadhiwa ndani ya simu: picha, ujumbe na namba za watu. Fundi hulazimika kulitambua ombi kwa kumtazama mwombaji usoni, naye mwombaji huondoka na kazi ambayo pengine hakuitaka. Lugha ya msaada ikiwa na ukungu kiasi hiki, msaada wenyewe huwa wa kubahatisha.

Hatuna budi kwanza kueleza kuruti ni nini, maana wengi walijuao jina hawalijui jambo. Simu za Android, ambazo ya kwanza iliingia madukani mwaka 2008, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Unix, nayo Unix ilianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Katika Unix majalada yote hupangwa kama mti uliopinduliwa, mzizi ukiwa juu na matawi yakiteremka. Mtumiaji mwenye namba sifuri, ambaye peke yake aliweza kugusa kila kitu tangu juu kabisa, aliitwa kwa jina la mzizi huo. Katika Android kila programu hupewa namba yake ya mtumiaji na kufungiwa chumbani mwake, isichungulie chumba cha jirani. Mwenye simu haachiwi namba sifuri. Ameinunua, ameibeba na ameilipia umeme, lakini cheo cha juu ndani yake kimebaki kwa aliyeitengeneza. Kuruti ni kukitwaa cheo hicho.

Sababu za kukitaka si za kihuni kama baadhi ya watu wanavyodhani. Simu za bei nafuu huja zimejazwa programu zisizofutika, na nafasi inayobaki haitoshi hata picha za harusi moja. Nyingine hazipelekewi tena marekebisho na watengenezaji wake ingawa bado ni nzima, na mwenyewe angependa kuziwekea mfumo mpya zaidi. Haya ni mahitaji ya kawaida, na watu wana haki ya kuyaeleza kwa lugha yao.

Sasa tuyapime maneno yaliyopo.

Mfasiri akikimbilia kamusi atapata "mzizi". Mmoja ataandika "kutia mzizi kwenye simu" na mwenzake "kung'oa mzizi wa simu", nao watakuwa wamesema mambo mawili yanayopingana kwa nia ya kueleza jambo moja. Hilo latosha kuonyesha kwamba picha ya mti haikuvuka pamoja na neno. Katika Kiswahili kitu kilichotia mizizi ni kitu kilichokaa pahali pake hata kukiondoa ni taabu. Mizizi yenyewe ni dawa, na aendaye kuichimba si fundi simu. Mzizi hautoi amri. Mwingine atashawishika kusema "shina". Kwa mtumishi wa umma wa nchi hii shina ni mkusanyiko wa nyumba chache wenye balozi wake, ngazi ya chini kabisa katika muundo wa chama, na juu yake ndipo lipo tawi. Kumwambia kwamba shina ndilo lenye mamlaka yote juu ya matawi ni kumpindulia dunia. Labda mabalozi wangefurahi.

Yafaa tukumbuke kwamba wakuza istilahi waliotutangulia walikwisha kukutana na neno hilihili la Kiingereza katika masomo mengine, nao hawakulitafsiri kwa neno moja. Katika botania na sarufi walilipa "mzizi". Katika hisabati walikataa. Wakachukua "kipeo", wakakipa kiambishi cha kutendua, wakapata "kipeuo", na watoto wa shule za msingi wakajifunza kipeuo cha pili bila kufikiria mmea wowote. Walitafsiri dhana, wakauacha mti wa Waingereza kwa Waingereza. Huo ndio mwongozo tunaoutaka hapa.

Ama kuhusu "kuruti", neno hili lina sifa ya kuwa lipo, nayo si sifa ndogo: watu wanalitumia bila kuamriwa na mtu. Lakini lina majirani wasumbufu. "Ruti" tayari ni njia ya daladala. "Kuruta" ni askari mpya mafunzoni, na kijana aliyerudi kutoka jeshini akisikia simu yake imerutiwa ataweza kudhani imepelekwa kwata. Isitoshe, Kimakonde na Kiyao havina sauti "r" ya asili, na wasemaji wake wengi hutamka "l" mahali pake. Kwa hiyo katika eneo tunalolizungumzia neno hili hugeuka "kuluti" mara tu litokapo kibandani. Hatusemi hilo kwa dhihaka. Istilahi ya taifa hupimwa katika vinywa vya taifa, na neno lisilobeba maana yoyote ndani yake huharibika upesi, kwa kuwa hakuna kinachomkumbusha msemaji umbo lake. Tunaonelea "kuruti" libaki kuwa neno la mafundi baina yao, kama maseremala na washona nguo walivyo na yao. Kumwandikia mwananchi ni jambo jingine.

Kuna neno la tatu, "kuchakachua", na hili tunalipenda na kuliogopa. Lilivuma kwa habari za mafuta ya magari yaliyochanganywa na mafuta ya taa, likapanda hadi kwenye siasa, kisha vijana wakalitumia kwa modemu zilizofungwa kwa mtandao mmoja. Ni neno hai, lina mlio, na hakuna kamati iliyolitunga. Kasoro yake ni kwamba limekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Aliyechakachua ameharibu kwa hila, na anayepewa kilichochakachuliwa amedhulumiwa. Mtu anayeondoa programu asizozitaka ndani ya simu aliyoinunua kwa fedha yake hajamdhulumu mtu. Neno hili lingefaa kwa tendo jingine kabisa, nalo ni kubadili namba ya utambulisho wa simu, ile ya tarakimu 15. Hilo ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ndiyo namba iliyotumika kuzitambua simu bandia zilizozimwa nchini mwezi Juni 2016. Kuruti hakuigusi namba hiyo. Afisa anayeandika tangazo kwa wananchi, akiyaweka yote mawili chini ya "uchakachuaji", anamfanya mkosaji mtu asiye na kosa.

Twarudi basi kwenye dhana yenyewe. Msomaji aliyefanya kazi serikalini hahitaji kufundishwa tofauti ya ruhusa, kibali na mamlaka; ameisikia kila siku ya kazi yake. Ruhusa ni neno la mdomo, uendako na urudiko. Kibali ni karatasi yenye muhuri. Mamlaka ni kule kuwa mtu ambaye wengine humwendea kwa ruhusa na vibali. Simu za Android zenye lugha ya Kiswahili hutumia "ruhusa" pale programu inapoomba kusoma namba za watu au kutumia kamera, na zimefanya vizuri. Lakini baadhi ya maelezo ya kuruti hutumia neno hilohilo: "simu itapata ruhusa zote." Hapo ndipo maana inapopotea. Aliye na namba sifuri hakupewa ruhusa nyingi. Yeye haombi, huombwa. Programu inayotaka kugusa mfumo humjia, naye hukubali au hukataa, na asipojua anachokubali hakuna wa juu yake wa kumzuia.

Kwa hiyo tunapendekeza "mamlaka kuu" kwa cheo hicho, "kutwaa mamlaka kuu ya simu" kwa tendo lenyewe, na "kurejesha mamlaka" kwa kinyume chake. Tutaambiwa ni maneno mawili hadi matano mahali pa moja. Ni kweli. "Barua pepe" nayo ni maneno mawili na haijamchosha mtu. Kitenzi "kutwaa" tumekichagua kwa makusudi, kwa maana "kupata" huficha kwamba kuna aliyekuwa nacho, na "kupora" hurudisha ile hukumu ya "kuchakachua".

Kuhusu kuingiza programu za kazi hiyo hatuna ugomvi mkubwa. "Sakinisha" limekubalika, nalo limetungwa vizuri: programu inafanywa iwe mkazi. Kinachotuudhi ni kwamba katika baadhi ya matoleo kinyume chake huandikwa "sanidua", ambalo ni kinyume cha "sanidi". Mtu alisakinisha, kwa nini asanidue? Majina ya programu zenyewe yaachwe yalivyo. SuperSU ya Jorrit Jongma ilitawala kwa miaka kadhaa. Baadaye Magisk, iliyotolewa na John Wu mwaka 2016, ikachukua nafasi yake. Jina hili la pili limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya barakoa ya kimiujiza, na kwa wenyeji wa Newala, ambako ngoma ya mapiko inafahamika, halihitaji maelezo marefu: sehemu ya mfumo iliyohifadhiwa haiguswi, mabadiliko huvikwa juu yake, na aliyemo ndani hajionyeshi.

Kuvikwa huko hakuyadanganyi macho yote. Programu nyingi za benki huikagua simu kwanza, na zikigundua kwamba mamlaka yake yametwaliwa hukataa kufunguka. Katika wilaya hizi hilo si jambo dogo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, malipo ya mkulima yamezoea kupitia benki, na mwenye kutumia simu yake kuyafuatilia aweza kujikuta msimu umefika na mlango umefungwa, kwa sababu miezi mitatu nyuma alimwambia fundi "nifungulie". Kadhalika walimu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vilikabidhiwa walimu baadaye, na hivyo ni mali ya serikali. Mamlaka yake kuu si ya mwalimu kuyatwaa wala ya fundi kumsaidia. Tunasema hivyo tukitambua pia kwamba "kishikwambi", neno ambalo wengi walilicheka, lilienea nchi nzima kwa sababu lilikwenda mkononi pamoja na kifaa chenyewe.

Njia hiyo yafaa kufuatwa hapa. Fundi huandika stakabadhi, hata kama ni kipande cha daftari. Tunapendekeza maneno haya yawekwe humo: "Mwenye simu ameomba nitwae mamlaka kuu ya simu hii kwa niaba yake. Nimemweleza kwamba kufungua butiloda kutafuta vyote vilivyohifadhiwa ndani. Kwamba programu za benki zaweza kukataa kufanya kazi. Na kwamba dhamana ya mtengenezaji yaweza kukoma. Namba ya utambulisho haikuguswa." Walimu wa Kiswahili wa Masasi na Newala wanaweza kuwasomesha wanafunzi maneno hayo kama zoezi la uandishi wa mikataba, ni zoezi bora kuliko barua ya kuomba kazi katika kampuni isiyokuwepo.

Limebaki "butiloda", ambalo tumeliacha katika vazi lake la kigeni. "Kiamshi" tumelifikiria, lakini saa nayo huamsha. "Bawabu" lapendeza zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kusimama mlangoni na kuamua nani aingie, ila sasa fundi atasema amemfungua bawabu, na bawabu hafunguliwi. Kiswahili kilipoishiwa kilichota kwa jirani: "ikulu" ilitoka Kinyamwezi, na "ngeli" Kihaya. Wasomaji wajuao Kimakonde, Kimakua au Kiyao, lugha ambazo orodha zetu zimezitumia kwa uchache mno, wanaombwa watuletee neno la mtu yule aamkaye kabla ya wote na kufungua nyumba, pamoja na mfano wa sentensi na jina la kijiji linakosemwa.