Kuchakaa kwa Gololi za Karasha na Mgawanyo wa Dhahabu katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Uhakiki huu unapinga mkabala unaopima ubora wa vipuri vya karasha kwa muda vinavyodumu pekee. Katika mialo ya wachimbaji wadogo wa Shinyanga na Geita, karasha ni pipa la chuma linalozunguka, ndani yake gololi za chuma zikisaga mawe ya dhahabu. Mawe hayo huwa na kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, hivyo hukwangua gololi pamoja na kuta za pipa. Gololi zikipungua uzito, mapigo hulegea. Unga hutoka na chenga, na dhahabu iliyofungika ndani ya chenga haikamatwi na zebaki. Huishia kwenye marudio.

Hapo suala la ufundi hugeuka kuwa la haki. Kwa desturi ya mialo mingi, marudio hubaki kwa mwenye karasha, ambaye huweza kuyachenjua kwa sayanaidi. Hasara ya mchimbaji huwa akiba ya mwenye mtambo. Hata chuma bora kikipatikana, msukumo wa kubadilisha gololi mapema ni mdogo. Kwa hiyo, tathmini ya kipuri ianzie kwenye ulaini wa unga, na mchimbaji awe na haki ya kuukagua kabla ya kuyaacha marudio.