Juu ya Pata na Get

Mtoto akianza Kiingereza shuleni hufundishwa kwamba get ni pata, na pata ni get, basi shauri limekwisha. Kamusi zimeisaidia desturi hii: ile ya Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zote huliweka get mbele, na maana nyingine hufuata nyuma kama wapagazi. Hatuwalaumu waliozitunga, maana mifano yao ni mizuri. Lakini mwalimu asomaye neno la kwanza tu na kufunga kitabu hupotoka.

Kwa asili maneno haya hukaribiana sana. Get lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini waliosema geta, likaenea yapata mwaka 1200. Waingereza wa kale walikuwa na shina hilohilo ndani ya maneno mengine, kama forget, ambalo asili yake ni kupoteza mshiko. Kwa kuwa maana ya kale kabisa ya shina hilo ni kushika. Nalo pata, wataalamu wa lugha za Kibantu hulirudisha kwenye shina lenye maana ya kushika, na Wazulu hata leo husema phatha kwa kushika kitu mkononi.

Basi yote mawili yalianza mkononi. Yalipoachana ni hapa: nani amemshika nani? Mwingereza husema he got malaria, kana kwamba mtu alikwenda kuitafuta. Mswahili aweza kusema amepata homa, lakini husema pia, na kwa ufasaha zaidi, homa imempata. Mwaka 2024 mafuriko yaliwapata watu wa Rufiji na Kibiti, hakuna aliyeyatafuta. Tarehe 11 Julai 1915, makombora ya Severn na Mersey yaliipata manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta tangu mwaka uliotangulia. Hata jua hupatwa, kama lilivyopatwa tarehe 1 Septemba 2016, watu wakakusanyika Rujewa kulitazama. Na mkata boriti katika mikoko akisema, "Shoka hili halipati," yaani ni butu, mwanafunzi wa get atabaki akiuliza halipati nini.

Kwa upande wa pili, get nalo limekwenda mahali ambapo pata halifiki. Get wet, get up, get old: hapo ni kugeuka hali tu, na Kiswahili kina lowa, amka, zeeka. Mwanafunzi aandikaye nilipata kulowa amesema jambo jingine, kwamba aliwahi kulowa siku moja.

Yafaa wahubiri nao waliangalie neno hili. Aelezaye upatanisho katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 5, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Sokoni Kibiti mwenye mchele na mnunuzi hupatana bei: kila mmoja amemshika mwenziwe, wala hapana aliyeshikwa peke yake. Apatanishaye ni yule awatiaye wawili katika hali hiyo. Get halina mnyambuliko wa namna hii, na kwa jambo hilo Waingereza iliwabidi kukopa reconcile, neno lenye asili ya Kilatini.