Pongezi kwa Wapangaji Kurasa wa Tunduma

Tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hata kabla yake, mji wa Tunduma, unaopakana na Nakonde ya Zambia, umesifiwa kwa malori na biashara yake, ilhali ni nadra kutajwa mafundi walioketi katika vyumba vya steshenari wakipanga kalenda, kadi za harusi na mabango. Nami nawastahi kwa dhati.

Tazama hadhari yao katika suala la picha. Picha ikiunganishwa tu na ukurasa, faili hubeba anwani yake pamoja na kivuli chake hafifu, hivyo huwa jepesi, na picha ikirekebishwa ukurasa nao hufuata. Lakini faili likipelekwa kwa flashi pasipo folda ya picha, mpiga chapa wa Mbeya au Dar es Salaam hupata kivuli kile, na uso wa bibi harusi hutoka na ukungu. Picha ikipachikwa ndani, faili huwa zito, bali husafiri na amana yake yote. Kwa njia yoyote ile, picha ya upana wa sentimita 10, kwa nukta 300 kila inchi, yahitaji nukta zipatazo 1,180 kwa upana. Fundi mwadilifu huzikagua kwanza.

Kwa rai yangu, kadi ya ukurasa mmoja ipachikwe picha zake, na kitabu chenye picha maridhawa kiunganishwe, folda zake zikikusanywa zote. Nawe mteja, mpe fundi picha asilia, si ile iliyobanwa na WhatsApp, wala usimharakishe.