Ukali wa Maji

Mwisho wa mwezi wa pili, mvua ya kwanza ikiwa bado imejificha nyuma ya vilima, mapaa ya Saio, mtaa wetu wa Bunia, huwa na rangi moja na barabara. Vumbi jekundu la kiangazi, lile linalotimuliwa na pikipiki tangu Desemba, hupanda juu ya manjanja, yaani mabati, likakaa huko pamoja na masizi ya makaa, majani makavu ya mwembe na mavi ya njiwa. Upande usiofikiwa na jua, chini ya matawi ya mvoka, yaani mparachichi, huota kuvu nyeusi inayong'ang'ania bati kama utandu wa maziwa kwenye sufuria. Wiki chache zijazo maji yatateremka juu ya hayo yote, yaingie kwenye mfereji, yatue kwenye pipa, na kutoka pipani yaingie sufuriani. Ndiyo maana kuosha paa huku kwetu ni kazi ya jikoni kabla ya kuwa kazi ya fundi.

Nataka kumsifu mtu anayechanganya maji ya kazi hiyo. Mpanda ngazi husifiwa na kila apitaye, kwa kuwa yuko juu na anaonekana. Mchanganyaji huinama chini kivulini, na bidoni la njano la lita 20 na kijiko, na watu humpita wasimwone.

Ninayemfahamu ni mama mmoja jirani yangu. Kazi ya kuchanganya alijifunza wakati wa Ebola. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Kivu ya Kaskazini, ukaingia Ituri, mkoa wetu, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Katika miezi hiyo Bunia nzima ilinuka klori. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba, na nyuma ya ndoo nyingi alikuwepo mtu kama yeye, aliyeamka kabla ya wengine ili maji yawe tayari. Maji yenyewe yalikuwa ya aina mbili: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa buti, sakafu na machela. Nukta ikihama nafasi moja, kazi yote imeharibika. Ukimwaga maji ya mikono juu ya machela, umeacha mauti pale pale. Ukiwapa watu maji ya machela wanawie kila siku, ngozi itapasuka, na ngozi iliyopasuka ni mlango. Kwa miezi mingi mama huyu alishika tofauti hiyo mikononi mwake, na sijui elimu gani ya kemia ingemfundisha zaidi.

Hesabu yake ni hii. Unga wa klori wa asilimia 70, kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa kwa kisu, ndani ya lita 20, hutoa maji ya mikono. Vijiko kumi hutoa maji ya machela. Akitumia Javel ya chupa, yaani klori ya maji, yenye asilimia 3.5, chupa ndogo ya soda, ile ya mililita 300, inatosha bidoni zima kwa maji ya mikono. Na kwa maji makali ni kipimo kimoja cha Javel kwa vipimo sita vya maji. Shida ni kwamba chupa zinazofika sokoni kwetu hazisemi lugha moja. Zinazotoka upande wa Uganda zinaandika asilimia. Nyingine zinafuata desturi ya Kifaransa na kuandika digrii, kipimo tulichoachiwa na Gay-Lussac tangu miaka ya 1820: idadi ya lita za gesi ya klori zilizofichwa ndani ya lita moja ya maji. Digrii moja ni gramu 3.17 hivi. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa 12 haina asilimia 12. Ina karibu asilimia 3.8. Nimeona watu wazima waliosoma wakikosea hapo. Yeye hakosei, kwa sababu husoma kile kialama kidogo kabla ya kusoma namba.

Mimi mwenyewe nilikosea vibaya zaidi. Mwaka mmoja, kwa haraka ya kuiwahi mvua, nilipanda paani na Javel tupu na kuimwaga juu ya kuvu. Ilitoweka mbele ya macho yangu, nikashuka nimefurahi. Wiki ile ile maharagwe yaliyokuwa chini ya ukingo wa paa yalinyauka. Kisha ukaja unga mweupe juu ya bati, na baada ya misimu miwili kutu ikaanza kuchungulia kwenye mistari ya misumari. Yule mama alikuja, akatazama juu muda mrefu.

“Papa, ulitia mayi ngapi?”

Sikuwa nimetia hata tone.

“Ilikuwa kali bure,” akasema.

Bati ni chuma kilichovikwa zinki, ufundi uliopata hataza huko Ufaransa mwaka 1837 kwa jina la Stanislas Sorel. Zinki mpya hung'aa; ikipigwa na hewa na mvua kwa miezi hujitengenezea utandu wa kijivu, na utandu huo ndio unaoilinda. Klori kali, hasa ikiachwa ikauke juani, huula utandu, halafu zinki, halafu hukabidhi chuma kwa kutu. Paa langu lilikuwa safi kwa mwezi mmoja, na kwa usafi huo nililipa miaka ya uhai wake.

Wamarekani wenye nyumba wana ushauri wao. Mapaa yao mengi ni ya vigae vya lami, na michirizi myeusi inayoyachafua ni kiumbe hai, bakteria wa kijani-bluu waitwao Gloeocapsa magma. Watengenezaji wa vigae hivyo hushauri nusu Javel ya kufulia na nusu maji, dakika 15 hadi 20, kisha kusuuza taratibu bila pampu yenye nguvu. Kwa lami yao ni ushauri mzuri. Juu ya zinki yetu ungeleta msiba nilioueleza. Ukali wa maji huamuliwa na vitu vitatu: uchafu unaoondolewa, ngozi ya paa lenyewe, na kile kilicho chini ya ukingo, iwe ni maharagwe, kuku au pipa. Na eternit ya nyumba za zamani yule mama haigusi kabisa kwa brashi, kwa kuwa ina nyuzi za asbesto.

Kwa bati la Saio, kwanza anatumia maji matupu na ufagio laini, na sehemu kubwa ya uchafu, ambao ni vumbi na masizi, huondoka kwa hayo. Pakibaki mafuta ya moshi, anatia sabuni. Klori anaibakizia kuvu peke yake, na huanza na maji ya mikono, yale ya 0.05, kwenye kona moja isiyoonekana kutoka barabarani. Hupaka asubuhi, bati likiwa bado baridi, husubiri dakika kumi, husuuza kabla halijakauka, kisha hushuka na kusubiri hadi kesho kuona kona imesema nini. Isipotosha, huongeza kijiko. Klori haichanganyi na siki, wala haitii kwenye ndoo iliyokaa mkojo, kwa sababu ya moshi unaokaba koo. Haihifadhi yaliyobaki kwa siku ya pili. Jua na saa huyaibia nguvu, na maji yasiyojulikana nguvu yake hayana kazi kwake.

Asiyekaa Ituri huenda asielewe uangalifu huu kwa kitu kama bati. Katika vita vyetu mabati yaling'olewa na kubebwa na waporaji, na watu wengi wa vijijini walifika Bunia na kulala chini ya maturubai miaka mingi. Aliyepata bati tena hulitazama kwa jicho jingine. Kulipunguzia maisha kwa dawa kali ni kumrudisha mtu njiani alikotoka.

Safari hii nilimwomba yule mama achanganye. Alinusa chupa, akasoma digrii, akasawazisha kijiko kwa kisu. Siku nne baadaye mvua ikaja usiku. Nilitoka na taa, nikalitoa bomba la mfereji kwenye pipa, nikayaacha maji ya kwanza yamwagike uani, mekundu, kisha ya chai, kisha meupe. Nilikinga kiganja, nikanusa. Hayakunuka kitu. Nikarudisha bomba pipani.