Mpenzi Asiyetajwa: Zein l'Abdin, Samaa ya Kisufi na Msikilizaji wa Kawangware

Makala haya yanashughulikia suala ambalo wahakiki wetu wamelipita kwa haraka: je, wimbo wa mapenzi wa taarab ya Lamu na Mombasa unaweza kusomwa kama wimbo wa Kisufi? Mfano wetu ni Zein l'Abdin Ahmed Alamoody (1939–2016), mwimbaji na mpiga udi mwenye asili ya Hadhramaut, aliyezaliwa Lamu na kupata umaarufu Mombasa. Hata hivyo, swali hili tunaliulizia Kawangware, Nairobi. Huko mwandishi aliishi alipokuwa mwanafunzi wa uzamili, na huko ndiko kanda ya Zein ilikopigwa jioni baada ya jioni katika kibanda cha fundi wa redio. Fundi huyo hakuwa Mwislamu wala mtu wa pwani. Alipoulizwa wimbo ulikuwa ukisema nini, alijibu kwa ufupi: "Huyu mtu anaomba." Jibu hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito.

Historia inauunga mkono usomaji wa Kisufi kwa kiasi fulani. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija na kuasisi msikiti wa Riyadha, aliingiza Lamu maulidi ya al-Habshi kutoka Hadhramaut, yakisomwa kwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga, kwa kuona kuwa ngoma hazina nafasi katika ibada, na pia kwa sababu aliwakaribisha na kuwafundisha watu waliohesabiwa kuwa duni. Alifariki mwaka 1935. Zein alizaliwa miaka minne baadaye, katika mji ambamo sauti ilikuwa njia ya kumkurubia Mola na papo hapo jambo la ubishi. Kwa hiyo, mpaka tunaouchora darasani kati ya kasida, iliyo ya dini, na taarab, iliyo ya dunia, haukuwa mpaka uliotulia hata kwa wenyeji wenyewe.

Pamoja na hayo, hatuna budi kujihadhari. Mahali alipozaliwa msanii si ushahidi wa maana ya kazi yake, na makala haya hayadai kuwa Zein alikuwa mwanatarika. Aidha, maneno aliyoyaimba hayakuwa yake peke yake. Alishirikiana na washairi, akiwemo Ahmed Sheikh Nabhany. La muhimu zaidi ni kuwa taarab ina msimbo wake wa mafumbo, uliokomaa katika harusi na mabaraza. Katika ushairi wa Kisufi mpenzi hatajwi kwa sababu hatajiki. Katika taarab, mara nyingi, hatajwi kwa sababu anajulikana mno: yumo ukumbini, au nduguze wamo. Kimya hiki na kile vinafanana kwa sura, lakini havina chanzo kimoja. Mhakiki anayegeuza kila "mpenzi" kuwa Mwenyezi Mungu anaupa wimbo heshima ambao haukuiomba, na anawapokonya wanawake na wanaume wa Mombasa mapenzi yao wenyewe.

Tunadai, basi, kuwa usufi katika kazi ya Zein, kama upo, hauko katika maudhui bali katika fani. Zein aliuhuisha mtindo wa kale wa kibangala cha Lamu kwa kuupigia udi. Udi huanza peke yake, bila pigo la ngoma, ukitafuta makamu. Ngoma huingia baadaye. Sauti hufuata, na mshororo hurudiwa. Neno linapotamkwa mara ya tatu au ya nne, maana yake ya kamusi huanza kulegea, na kinachobaki ni pumzi ya mwimbaji. Aliyewahi kuhudhuria dhikiri anaijua hali hiyo. Santuri ya Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa London na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1990, iliwafikia wasikilizaji wengi wasiojua Kiswahili kabisa. Iwapo waliguswa, waliguswa na fani hii.

Hapa al-Ghazali (aliyefariki mwaka 1111) anatufaa. Katika sehemu ya Ihya inayohusu samaa, anaeleza kuwa hukumu ya usikilizaji hutegemea wakati, mahali na watu, na kwamba kila msikilizaji huyachukua maneno kwa kadiri ya hali ya moyo wake. Anataja hata Mwajemi aliyepandwa na hali kwa shairi la Kiarabu, kwa kuwa neno moja lilimgonga sikioni kwa maana ya Kiajemi. Kwa mujibu wa nadharia hii, swali la kama wimbo ni wa Kisufi haliwezi kujibiwa na matini pekee. Linajibiwa na sikio.

Fundi wa Kawangware ni Mwajemi wa aina hiyo. Hakujua kuwa "mato" katika Kiamu ni macho, wala kuwa "yua" ni jua. Neno lake, "anaomba", lina pande mbili: mtu huomba kwa mpenzi, na huomba kwa Mungu. Msomi angelazimika kuchagua. Fundi hakuchagua, na nyimbo zenyewe hazichagui. Lakini tusilikuze jibu lake kupita kiasi. Aliyekosa mafumbo alikosa nusu ya sanaa, na nusu hiyo haipatikani bila kujifunza lahaja na desturi za wenyewe.

Uhakiki wetu umezoea kuunukuu wimbo karatasini, ukahesabu vina na mizani, kisha ukatangaza dhamira. Njia hiyo ina faida zake, ila kwa mtunzi kama Zein inatuachia mifupa. Wanafunzi wanaoandika tasnifu juu ya taarab waende Lamu kutafuta maana za maneno. Na warudipo Nairobi, wakae pia Kawangware, wamwulize asiyezijua maana hizo anasikia nini. Majibu hayo mawili hayatalingana. Kazi ya mhakiki ni kueleza kwa nini yote mawili ni ya wimbo mmoja.